Uniti 8 kwa buku: namna ya kuingia kwenye umeme wa D1 na kubaki humo

Siku moja nilimtuma kijana wa jirani aninunulie umeme wa 5,000 kwa wakala. Mama yake naye akampa 5,000. Kijana akarudi na vikaratasi viwili: changu kina uniti 14, cha mama yake kina uniti 41. Nikasema wakala kachanganya mita. Nikalinganisha namba moja moja, hakuchanganya kitu. Mama yule, anayeuza vitumbua asubuhi na ana feni moja na televisheni moja, mita yake iko D1, kundi la bei nafuu. Yangu ilikuwa T1, kundi la bei ya kawaida. Kati yetu kuna ukuta wa tofali za inchi sita.

Ukisikia serikali inasaidia wenye kipato kidogo kulipia umeme, unafikiria foleni kwa mtendaji, majina kubandikwa ukutani, kama ilivyo kwa kaya za TASAF. Msaada huu wa umeme hauna orodha. Umefichwa ndani ya bei. Hauulizi mshahara wako wala idadi ya watoto, unaangalia tu mita inakula uniti ngapi kwa mwezi. Kwa hiyo mtu mwenye uwezo anayeishi peke yake anaweza kuupata bila kujua, na familia ya watu tisa kwenye nyumba ya kupanga ikaukosa miaka yote.

Haya ninayoandika ni kwa wateja wa TANESCO wa LUKU, yaani mita za kulipia kabla, Tanzania Bara. Zanzibar wana ZECO na bei zao.

Bei zenyewe

EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ndiyo inayoidhinisha bei. Ninazotumia hapa ni za agizo lililoanza 1 Aprili 2016.

D1 ni ya majumbani, kwa anayetumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, kwenye umeme wa njia moja (single phase). Uniti ni shilingi 100. Ukivuka 75 ndani ya mwezi huo, kila uniti ya ziada ni 350.

T1 ni ya matumizi ya kawaida: nyumba zilizobaki, maduka, saluni, mashine ndogo za kusaga. Uniti ni 292, iwe ya kwanza au ya mia.

Juu ya hapo kuna VAT asilimia 18, REA (tozo ya umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Jumla 22. Kwa hiyo mfukoni mwako uniti ya D1 ni shilingi 122, ya T1 ni 356, na ile ya D1 iliyovuka mpaka ni 427.

Chukua uniti 75 kamili. Aliye D1 analipa 9,150. Aliye T1 analipa 26,718. Tofauti ni 17,568 kila mwezi, kwa umeme ule ule, kutoka nguzo ile ile.

Hatua ya 1: Jua uko wapi, kwa jaribio la buku

Huna haja ya kwenda ofisini kuuliza. Nunua umeme wa 1,000 na usome uniti ulizopata. Ila usitumie ununuzi wa kwanza wa mwezi, kwa sababu huo unakatwa kodi ya majengo kwanza na utakuchanganya. Kama mita ina deni, nalo linakatwa, hivyo hakikisha kwenye ujumbe kwamba hakuna makato mengine.

Ukipata uniti 8.2, uko D1 na bado hujavuka 75 za mwezi huu.

Ukipata 2.8, uko T1.

Ukipata 2.3, uko D1 lakini mwezi huu umeshavuka. Hapa ndipo watu wanapopiga kelele kwamba umeme umepanda bei. Haujapanda, wamepita mstari. Subiri mwezi ugeuke, nunua tena, utaona 8.2 imerudi.

Kwa asiyeamini hesabu, ujumbe wenyewe unachambua. Mtu wa T1 aliyenunua 10,000 bila makato mengine ataona gharama ya umeme 8,196.72, VAT 1,475.41, REA 245.90, EWURA 81.97, na uniti 28.1. Gawanya 8,196.72 kwa 28.1, unapata karibu 292. Hiyo ndiyo bei yako. Fanya hivyo kwa ujumbe wowote ulio nao kwenye simu sasa hivi.

Hatua ya 2: Jua unatumia kiasi gani

Kipimo cha haraka kwa aliye T1: kama kwa mwezi huvuki shilingi 26,700 za umeme, ukiondoa kodi ya majengo, wewe ni mtu wa D1. Hapo unaweza kuruka hadi hatua ya 3.

Kama unavuka kidogo, kaa na mita wiki moja. Saa 12 asubuhi soma salio la uniti, andika. Kesho yake saa hiyo hiyo soma tena, toa. Lengo ni uniti 2.5 kwa siku, maana 2.5 mara 30 ndiyo 75. Siku ya kufua na kupiga pasi itakushangaza, ndiyo maana nasema wiki nzima, si siku moja.

Hivi ndivyo vitu vya kawaida vinavyokula, kwa makadirio:

Taa sita za LED za wati 9, saa tano kila usiku: uniti 8 kwa mwezi. Televisheni ndogo ya wati 50, saa sita kwa siku: uniti 9. Feni ya wati 60 usiku kucha, saa nane: uniti 14 au 15. Friji dogo lisilo bovu: 25 hadi 30. Simu za watu wote nyumbani hazifiki uniti mbili, kwa hiyo acha kugombana na watoto kuhusu chaja.

Jumlisha hapo: uko kama 60, friji likiwemo. Nyumba ya kawaida inaingia D1 bila kujinyima. Kinachoitoa ni joto. Chochote kinachochemsha, kinachokaanga au kinachonyoosha nguo ndicho mwizi wako. Ile hita ya koili ya kutumbukiza kwenye ndoo ina wati 1,000 hadi 1,500. Ukiitumia nusu saa kila asubuhi kwa maji ya kuoga, mwezi ukiisha imekula uniti 15 hadi 22. Jiko la umeme la koili la wati 1,500, saa mbili kwa siku, ni uniti 90. Hilo peke yake limeshakutoa. Jagi la kuchemshia maji ya chai, ukijaza lita mbili kwa ajili ya vikombe viwili, ni upotevu mtupu.

Sisemi usipike kwa umeme. Kwa bei ya D1, sufuria la umeme la presha linaivisha maharage kwa chini ya uniti moja, yaani chini ya shilingi 122, na hakuna mkaa wa bei hiyo. Lakini lile ni sufuria lililofunikwa likabana mvuke, si koili iliyo wazi inayopasha jiko, ukuta na mpishi.

Friji lina maneno yake. Mpira wa mlango ukilegea linafanya kazi bila kupumzika. Bana noti kwenye mlango, funga, ivute: ikitoka kama karatasi juu ya meza, mpira umekwisha. Fundi anaubadilisha. Na kama unauza barafu au ashkrimu za watoto kwa hilo friji, jua kwamba kila linapofunguliwa unalipa, na kwamba hiyo ni biashara. D1 ni ya nyumbani.

Hatua ya 3: Peleka ombi

Kabla hujatoka nyumbani, kusanya vitu hivi. Namba ya mita, tarakimu 11. Kitambulisho, cha NIDA ni bora. Ujumbe wa manunuzi wa miezi kadhaa, na hapa vile vikaratasi vya wakala vitakuangusha, kwa sababu maandishi yake hufifia hadi ikabaki karatasi nyeupe. Vipige picha siku ile ile unayonunua. Kumbukumbu TANESCO wanazo kwenye mfumo wao, wakiingiza namba ya mita wanaona, lakini ukifika na hesabu zako mkononi mazungumzo huwa mafupi.

Kama mita haiko kwa jina lako, na wapangaji wengi haiko, chukua barua fupi ya mwenye nyumba ikisema anakubali.

Nenda ofisi ya TANESCO ya wilaya yako, dawati la huduma kwa wateja. Eleza kwa mdomo, kisha acha barua. Mfano ni huu, badilisha namba:

*Meneja, TANESCO, Wilaya ya …………*

*YAH: OMBI LA KUHAMISHIWA TARIFU YA D1, MITA NAMBA ……………………*

*Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni mteja wa matumizi ya nyumbani, mtaa wa …………, nyumba namba ………. Mita yangu ni ya njia moja na hakuna biashara inayotumia umeme wake.*

*Kwa miezi sita iliyopita nimenunua uniti kama ifuatavyo: Januari 61, Februari 58, Machi 66, Aprili 63, Mei 57, Juni 55. Wastani ni uniti 60 kwa mwezi. Kwa kuwa wastani huo hauzidi uniti 75, naomba mita yangu ihamishwe kutoka T1 kwenda D1.*

*Nimeambatisha nakala za manunuzi na kitambulisho. Namba yangu ya simu ni ……………*

Toa nakala mbili. Moja waache nayo, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na uondoke nayo. Muhuri wenye tarehe una thamani kuliko maelezo marefu ya "nilikuja nikamwona dada mmoja hivi". Omba pia namba ya kumbukumbu ya ombi lako.

Ukikutana na kijana nje ya geti anayesema atakubadilishia kwa elfu thelathini, huyo ni kishoka. Hela halali ya serikali inalipwa kwa namba ya malipo na inatoa risiti, haipokelewi kwenye simu ya mtu binafsi. Na kuna vishoka wa aina nyingine wanaojitolea "kuituliza" mita isome pole pole. Huo ni wizi wa umeme, na ukikamatwa anayelipa faini ni wewe uliyemo ndani, yeye hutamwona tena.

Baada ya hapo, jaribio la buku ndilo litakalokwambia kama wamekuhamisha. Kila baada ya siku chache nunua 1,000. Siku ikitoka 8.2, umeingia. Kama wiki zimepita na bado ni 2.8, rudi na ile nakala yenye muhuri. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Usiporidhika nayo, EWURA inapokea malalamiko ya wateja wa umeme, na EWURA CCC, baraza la watumiaji, lipo kwa ajili ya kukuelekeza namna ya kulalamika. Wote watakuuliza kwanza kama ulianzia TANESCO. Ndiyo kazi ya ule muhuri.

Hatua ya 4: Kubaki humo

Kuingia ni rahisi kuliko kubaki. Ukizidi 75 mwezi mmoja kwa sababu ya msiba au harusi, unalipa zile 427 kwa uniti za ziada, basi. Ukizidi mwezi baada ya mwezi, wastani unapanda na unarudishwa T1.

Mtego mkubwa uko kwenye kununua, si kutumia. Mfumo unahesabu ulichonunua ndani ya mwezi. Mtu anapata hela ya vikoba, anasema ngoja nijaze umeme wa miezi miwili nipumzike. Ananunua wa 20,000 mara moja. Uniti 75 za kwanza anazipata kwa 9,150, na zile 10,850 zilizobaki zinampa uniti 25 tu. Angesubiri tarehe mosi, hiyo 9,150 ya pili ingempa 75 nyingine. Kwa D1, kujaza stoo ni hasara.

Kwa hiyo weka ukomo: 9,150 kwa mwezi, na 1,500 ya kodi ya majengo kwenye ununuzi wa kwanza, jumla 10,650. Ukifika tarehe 29 au 30 na umenunua uniti 55 tu, bado una 20 za bei nafuu zinazokaribia kupotea. Zinunue siku hiyo kwa 2,440, zitakaa kwenye mita na kukusaidia mwezi unaofuata. Hujavunja kanuni yoyote, hujazidi 75.

Hesabu moja ya kuchekesha: hata aliyevuka 75 anaendelea kulipa pungufu kuliko wa T1 mpaka afike uniti 323 kwa mwezi. Piga mwenyewe. Ndiyo sababu wanaovuka kila mwezi hawaachwi humo. Mwenye jokofu mbili na kiyoyozi angekaa D1 akifidiwa na muuza vitumbua.

Nyumba ya kupanga

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na kwa maoni yangu ndipo mpango wenyewe ulipopinda. Vyumba sita, mita moja. Kila chumba kinatumia uniti 30, chini ya nusu ya kikomo cha D1. Lakini mita inaona 180, kwa hiyo nyumba nzima iko T1. Mnachanga kila wiki, mnagombania nani ana friji, na kila mmoja analipa 356 kwa uniti wakati mwenye nyumba yake mtaa wa pili, mwenye uniti 70 zake, analipa 122.

Zile mita ndogo ambazo fundi anafunga kila chumba zinaamua ugomvi tu. Zinaonyesha nani katumia nini, lakini TANESCO inaona mita moja tu kubwa, na bei haibadiliki. Msidanganyike kwamba ni njia ya kuingia D1.

Njia ni kuomba mita nyingine ya TANESCO kwenye nyumba hiyo hiyo. Kuunganishiwa umeme wa njia moja mjini, ndani ya umbali wa mita 30 bila nguzo, ni shilingi 320,960. Kijijini ni 27,000. Kijijini usifikirie mara mbili. Mjini fanya hesabu hii na wenzako mbele ya mwenye nyumba: vyumba viwili vya uniti 30 vikishirikiana mita moja ya D1 vinatumia uniti 60. Vingelipa 21,374 kwa T1, sasa vinalipa 7,320. Vinaokoa 14,054 kwa mwezi. Ile 320,960 inarudi kwa miezi 23. Ongeza gharama ya fundi wa kutandaza waya upya, kwa sababu vyumba vya mita mpya lazima vitenganishwe kabisa na vya mita ya zamani.

Miezi 23 ni mirefu kwa mpangaji anayeweza kupewa notisi mwezi ujao. Kwa hiyo usitoe hela bila maandishi. Mita inabaki kwenye nyumba, basi mkubaliane na mwenye nyumba mkatane kwenye kodi: wewe unalipia mita, yeye anapunguza kodi kidogo kidogo mpaka hela yako iishe. Mama mwenye nyumba wangu alikataa katakata mara ya kwanza. Alikubali alipoelewa kwamba nyumba yenye "LUKU yako mwenyewe" inapangishwa haraka na kwa bei nzuri zaidi. Hiyo ndiyo hoja ya kwenda nayo, si habari za ruzuku.

Jambo la mwisho kabla ya kufunga mita ya pili ni kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU. Ilianza kwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Mlipaji kisheria ni mwenye nyumba, ingawa anayeingiza tokeni ni mpangaji, kwa hiyo mkumbushe anapokuja kuchukua kodi. Ila inakatwa kwa mita, na jengo moja lenye mita mbili linaweza kujikuta likikatwa mara mbili. Ikitokea, toeni taarifa ili mita moja iondolewe kwenye makato. Nendeni na namba za mita zote mbili na jina la mwenye nyumba lilivyoandikwa TANESCO, na ujumbe wa ununuzi wa kwanza wa mwezi kwa kila mita, uleule unaoonyesha makato. Msipofanya hivyo, 1,500 ya kila mwezi inakula uniti 12 katika zile mlizookoa.